Kwa nini gari la Mjapani lilishika Nyanda za Juu, roboti lake likapita tu

Najua nimepotea karibu wiki tatu, ni haya majaribio yanayofuatana kama malori ya mafuta pale Tunduma. Leo nimepata upenyo, boom bado halijaisha, basi ngoja niwape kitu ambacho kimenikaa kichwani tangu mabishano ya kimbwetani juzi.

Mabishano yenyewe yalikuwa hivi. Hapa Mkwawa ukitaja Supra au Skyline, hosteli nzima inaitikia, hata yule ambaye kwao hakuna baiskeli. Atakutajia gari, rangi yake kwenye Need for Speed, na kona aliyoangukia. Lakini taja Gundam au Mazinger, yale majitu ya chuma ya Kijapani ambayo mtu anakaa ndani na kuyaendesha, wanaitikia wawili tu, na wote wameyajulia hapa hapa chuoni kwenye laptopu. Sasa gemu za mbio za magari na katuni za maroboti makubwa vyote ni mali ya Japani, vyote vilienea duniani karibu miaka ile ile. Kwa nini huku kwetu kimoja kilishika na kingine kikapita kama basi la usiku?

Jamaa mmoja akajibu haraka: utamaduni. Eti Mwafrika na roboti wapi na wapi. Nikamkatalia pale pale. Sisi tunaosomea kufundisha historia tuliogope sana hilo jibu la "utamaduni", maana mara nyingi hutolewa na mtu aliyechoka kutafuta.

Tuanze na mwaka 1978. Aprili mwaka huo televisheni ya Italia ilianza kuonesha roboti la Go Nagai liitwalo Grendizer, na Julai Ufaransa nao wakalileta kwa jina la Goldorak. Watoto wa Kifaransa wakapagawa. Ufilipino walikuwa na Voltes V, ikapendwa mpaka Rais Marcos akaipiga marufuku mwaka 1979, vikiwa vimebaki vipindi vichache tu hadithi iishe (fikiria hasira za wale watoto jamani!). Nchi za Kiarabu nako Grendizer likatafsiriwa Kiarabu kule Lebanon, na mpaka leo watu wazima wenye mvi wanalikumbuka kwa upendo. Sasa Mfilipino na Mwarabu na wao ni Wajapani? Hapana. Kwa hiyo utamaduni tuuweke pembeni.

Sisi mwaka 1978 tulikuwa wapi? Oktoba tuliingia vita ya Kagera, na Tanzania Bara nzima haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika hazijaota. Bara, serikali ya Mwalimu iliona televisheni ni anasa ya watu wachache wa mjini, na redio ndiyo itakayomfikia mkulima. Simlaumu Mwalimu, kijiji kisicho na umeme utakipelekea kioo cha nini? Ninachosema ni kwamba Marcos alilazimika kutoa amri ili kulizima roboti. Kwetu hakukuwa na kioo cha kuzima.

Lakini Japani haikusubiri kioo, ilikuja kwa barabara.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nissan walianza kuleta Datsun zao mwaka 1963. Mwaka 1969 Wajapani wakatengeneza filamu ndefu kuhusu mashindano haya haya, mwigizaji mkuu Yujiro Ishihara, na sehemu yake ikapigwa huku huku Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata, 1970, Datsun ikashinda kweli. Ikashinda tena 1971 na 1973. Joginder Singh wa Kenya akashinda 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer, kisha Shekhar Mehta akachukua mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, zote na Datsun. Yaani ile sifa ya "gari la Mjapani halivunjiki" sehemu yake kubwa ilijengwa kwenye matope yetu. Watoto wa Tokyo waliona gari la mbio likichafuliwa na vumbi la Afrika kabla sisi hatujaona katuni yao hata moja. Na baadaye sana vumbi hilo likaturudia ndani ya gemu: V-Rally ya mwaka 1997 ina sehemu inaitwa Safari, na Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 ina Kenya kabisa.

Huku Nyanda za Juu sisi tuna habari yetu ya barabara. Wazungu wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ikakosa njia ya kupitishia mafuta, na malori yakaanza kumiminika kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya kwenye barabara ya udongo. Kwa Kiingereza njia ile waliiita ya jehanamu, na aliyeona Kitonga wakati wa mvua anaelewa. Lami ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo mtoto wa Mafinga, Makambako, Igawa au Uyole amekua akihesabu magari. Huo ndio ulikuwa mchezo wetu wa kwanza: wawili mnakaa ukingoni, mmoja anachukua yanayopanda mwingine yanayoshuka, mwenye mengi ndiye mshindi. Bila umeme, bila shilingi.

Kisha serikali ikaanza kulegeza biashara mwaka 1984, Mzee Mwinyi akaingia 1985, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kuja kwa wingi. Sababu moja ni rahisi ila huwa tunaisahau: Japani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia. Gari linashuka melini, linawekwa mafuta, linaondoka. Hakuna cha kubadilisha. Mpaka leo zipo Noah pale Mbeya ukiwasha tu, dada wa Kijapani anaanza kuongea kutoka kwenye dashibodi, anasema maneno yake yote kwa adabu, na abiria hata hawageuki. Nadhani huyo dada ndiye Mjapani aliyeongea na Watanzania wengi kuliko balozi yeyote.

Sasa shikeni hapo, twende mwaka 1994. Mwaka huo ITV ya Mengi ilianza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Na mwaka huo huo, tarehe 3 Desemba, Sony wakaanza kuuza PlayStation kule Japani. Yaani televisheni ya Bara na PlayStation ni watoto wa mwaka mmoja! Nilipogundua hili nilicheka peke yangu maktaba mpaka nikatazamwa. Ufaransa walikaa na televisheni miaka na miaka ndipo gemu zikaja, walishakuwa na mazoea ya kukaa chini kila wiki saa ile ile kusubiri hadithi iendelee. Sisi vyote vilitufikia pamoja, na huku milimani kioo kiliingia nyumba nyingi kwa ajili ya mkanda wa video kwanza. Kituo ni kitu cha kukisubiri. Mkanda na gemu unaamua mwenyewe.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Katuni ya roboti inaishi kwa kuendelea. Gundam ya kwanza, ya mwaka 1979, ina vipindi 43. Grendizer ina 74. Ukikosa vipindi vitano hujui nani kafa, nani kasaliti, kwa nini yule kijana analia ndani ya roboti. Sasa mwenye banda la video anauza nini? Anauza kiti kwa filamu moja. Mteja analipa, anaingia, picha inaanza, inaisha, anatoka, wengine wanaingia. Huwezi kumuuzia mtoto wa Mwanjelwa kipindi cha 17 cha 43. Kwa hiyo mabanda yalijaa kung fu na makomandoo, vitu vinavyoanza na kuisha siku hiyo hiyo, na mtafsiri akiongea juu yake. Lufufu na wenzake walijenga jina Dar es Salaam kwa kazi hiyo, kutafsiri filamu za nje kwa Kiswahili chenye chumvi, na mfano wao ukasambaa mpaka huku. Mtafsiri naye anataka stori ya saa mbili, hataki ya miezi kumi.

Mbio za gari je? Dakika tatu. Mizunguko mitatu, umeshinda au umeshindwa, pedi inakwenda kwa mwingine. Ni bidhaa inayokatika vipande vidogo kama ndizi, kila kipande na bei yake. Kwenye banda la mtaani kwetu Ilomba ilikuwa shilingi 100, baadaye 200, na mwenye banda alikuwa na macho ya bundi. Roboti lilikosa soko kwa sababu haliuziki reja reja. Ndiyo jibu langu, na jamaa wa utamaduni namtumia salamu.

Najua kuna mjanja atauliza: mbona maroboti yalikuwemo kwenye gemu pia? Swali zuri, na hapa ndipo kuna jambo lililonishangaza kuliko yote.

Kabla ya PlayStation kuenea kulikuwa na zile TV gemu za kanda, zilizotoka China. Zilikuwa nakala za Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Kwetu mjomba aliileta kutoka Tunduma, ya rangi ya kijivu, pedi mbili na bunduki isiyofanya kazi. Kanda yenyewe imeandikwa ina michezo mamia kwa maelfu, ukihesabu vizuri haizidi thelathini, iliyobaki ni ile ile kwa majina mengine. Humo ndimo tulimokuta Contra na Mario, na Road Fighter ya Konami. Hiyo Road Fighter jamani! Gari jekundu linapanda juu ya kioo, mafuta yanapungua upande, magari yanakukatiza, kuna mafuta yamemwagika ukiyakanyaga unateleza, na malori ukiyagusa tu umekwisha. Ni ya mwaka 1984, iliyotengenezwa na watu ambao nina hakika hawakuwahi kufikiria Kitonga. Lakini mtoto wa Mbeya hahitaji kuelezwa. Mafuta yanapungua, lori liko mbele, kulia ni korongo. Mama akipita nyuma yetu alikuwa anasema "punguza mwendo huko", na alikuwa hatanii.

Sasa kwenye kanda hiyo hiyo kulikuwa na mchezo wa ndege inayopaa angani. Ukibonyeza kitufe ndege inaota miguu na mikono, ukibonyeza tena inakuwa mtu kamili wa chuma mwenye bunduki. Sisi tuliuita "ndege-mtu". Tuliucheza miaka. Mwaka jana mwenzangu wa chumba alikuwa anaangalia katuni moja ya zamani, nikaiona ndege inaota miguu, nikaruka kitandani. Ni Macross! Katuni iliyoanza kuoneshwa Japani Oktoba 1982, vipindi 36, na gemu yake ya Famicom ikatoka mwaka 1985. Moja ya hadithi kubwa za maroboti duniani ilikuwa sebuleni kwetu, tukaigeuza geuza kwa vidole, na hatukujua kama ni hadithi. Tulipewa mwili bila jina. Hatukujua kuna mtu ndani, wala anapigania nini.

Gari halikuwa na shida hiyo. Gari halihitaji kuelezwa ni nani, kwa sababu liko nje ya dirisha.

Hapo hapo niseme kitu ambacho kaka zangu huwa hawakikumbuki. TV gemu ya nyumbani ndiyo iliyokuwa gemu ya wasichana. Bandani sisi hatukuingia, au ukiingia ni kumwita mdogo wako arudi nyumbani kabla baba hajafika, na unasimama mlangoni hivyo hivyo. Kwa hiyo mkisikia wavulana wanasimulia historia ya gemu kuanzia PS2, mjue wanasimulia historia ya banda, na nusu ya watu hawamo. Waulizeni dada zao kuhusu Road Fighter. Waulizeni pia kuhusu kile kigemu kidogo cha mkononi cha betri, chenye matofali yanayodondoka, ambacho ndani yake kulikuwa na mbio za magari yaliyotengenezwa kwa vidoti. Vidoti tu, lakini tulikuwa tunapinda mwili mzima kwenye kona.

PS2 yenyewe ilitoka Japani Machi 2000 na ikauzwa zaidi ya milioni 150, ingawa nyingi ya zilizofika mabandani zilikuwa tayari zimetumika na mtu mwingine, na sidii za kunakili. Kama gari tu. Na gemu iliyoniaminisha hoja yangu ni Gran Turismo ya Kazunori Yamauchi, toleo la kwanza Desemba 1997. Hii haikuanzishi na gari la ndoto. Unaanza na fedha kidogo, unakwenda kununua gari lililotumika. Lililotumika, la Japani! Ndani yake kuna Starlet, Chaser, Mark II. Matoleo ya baadaye yakaongeza Altezza na Vitz. Mtoto wa London akiona Mark II kwenye gemu anaona gari la ajabu la kigeni. Mtoto wa Soweto, Mbeya, anaona teksi ya baba yake rafiki yake. Sidhani kama kuna gemu nyingine ya kigeni iliyowahi kuongea na sisi kwa karibu namna hiyo bila kukusudia. Subaru na Lancer nazo hazikuwa ngeni, hasa kwa watoto wa Iringa, maana mji huu una wazimu wa mbio za magari, na mashindano yamekuwa yakipita kwenye barabara za vumbi za mkoa huu, likiwemo lile lililopewa jina la chifu wetu, Mkwawa Rally.

Sitaki kupamba sana lakini. Mabanda yale yalikula watoto. Darasani kwetu wapo waliopotelea huko jumla, asubuhi wanaaga wanakwenda shule, ada ya mtihani inaisha kwenye mizunguko mitatu mitatu. Viongozi wa mitaa wakawa wanayafunga, yanafunguliwa nyuma ya nyumba. Na mwaka 2006 kwenye ule mgao mkubwa wa umeme, maji yalipopungua mpaka bwawa la Mtera, nasikia kaka zetu walirudi shule wengi ghafla! Hili somo la saikolojia ya elimu tunalosoma halijanipa jibu la nini mwalimu afanye na mtoto ambaye hesabu za darasani hazimwingii, ila anajua kichwani gia gani kona gani kwa magari arobaini. Nitakutana naye mwakani kwenye mazoezi ya kufundisha, najua.

Na kuna jambo lingine. Hapa chuoni sasa hivi wanaangalia Initial D, katuni iliyotokana na vitabu vya picha vya Shuichi Shigeno vilivyoanza mwaka 1995. Kijana Takumi anapeleka tofu alfajiri kwa Toyota kuukuu ya baba yake, AE86, na kwa kushuka mlima ule kila siku anakuwa dereva ambaye hakuna wa kumpata. Mlima wenyewe upo kweli, unaitwa Haruna. Ni nzuri, sitadanganya. Lakini mimi kila akizima breki na kuliachia gari kwenye kona nafumba macho. Wanaoshuka na viazi alfajiri kutoka kwetu hawana muziki nyuma yao. Machi 2015 pale Changarawe, Mafinga, basi la kutoka Mbeya liligongana na lori, kontena likaangukia basi, zaidi ya watu 40 wakafa. Shule yetu ilikaa kimya wiki nzima, kila mtu alikuwa na mtu wa kumuuliza. Kwenye gemu ukianguka pedi inatetemeka kidogo halafu gari linarudi barabarani. Labda ndiyo maana tuliipenda kiasi kile, sijui. Waliokulia tambarare huwa wanaiona Initial D tofauti na ninavyoiona, na huwa hatumalizi huo ubishi.

Tumalizie na roboti, maana lipo moja lililoshika. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua vinyago vya Takara wa Japani, vikiwemo vya Diaclone vilivyoanza mwaka 1980, ikavipa majina mapya: Transformers. Filamu yake ya mwaka 2007 ilifika mabandani kwetu ikiwa na mtafsiri juu yake, na ile ilikaa. Saa mbili na ushee, inaanza na kuisha, inauzika. Na kubwa zaidi, yale maroboti ni magari. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kipindi cha kwanza kilisemaje. Yule mkubwa wao, anayegeuka kuwa lori, jina lake la Kizungu halikudumu hata siku mbili pale Ilomba. Watoto walimwita Fuso, na mpaka leo mdogo wangu ukimtajia Optimus Prime anakuuliza ni nani huyo.